Glagoliti, alfabeti ya kwanza ya Waslavi: maswali yenu na majibu yetu

Maswali mengi yaliyotufikia safari hii yanahusu alfabeti ambayo wengi wameiona pichani bila kuijua jina: ile yenye viduara, pembetatu na misalaba, iliyotumiwa na Waslavi kabla ya Kikirili. Tumechagua yale yanayogusa chanzo chake na maana zake za kidini, pamoja na mawili kutoka kwa wasomaji wanaotaka kuisoma na kuiandika wenyewe.

Swali: Nilifundishwa kwamba Mtakatifu Kirili ndiye aliyetunga herufi za Kikirili zinazotumika Urusi, Bulgaria na Serbia. Sasa naambiwa sivyo. Ukweli ni upi?

Jibu: Alichotunga Kirili ni Glagoliti. Kikirili kilizaliwa baadaye, mikononi mwa wanafunzi wake na wafuasi wao, kikapewa jina la mwalimu kwa heshima.

Mambo yalikwenda hivi. Rastislav, mtawala wa Moravia Kuu, dola ya Waslavi wa Ulaya ya Kati, alituma wajumbe kwa Kaisari Mikaeli III wa Konstantinopoli akiomba walimu watakaowafundisha watu wake imani kwa lugha wanayoielewa. Mwaka 863 wakatumwa ndugu wawili wa Thesalonike, Konstantino na Metodi, waliokuwa wakikijua Kislavi tangu utotoni kwa sababu kilizungumzwa kote kuuzunguka mji wao. Konstantino alitengeneza herufi na kuanza kutafsiri. Jina Kirili alilichukua mwishoni kabisa, alipovaa nguo za utawa huko Roma, ambako alifariki tarehe 14 Februari 869.

Metodi alifariki mwaka 885, na wanafunzi wake wakafukuzwa Moravia. Kundi lililoongozwa na Klementi na Naumu lilipokewa Bulgaria na mtawala wake, Boris I. Huko kukawa na vituo viwili vya maandishi. Ohrid, upande wa magharibi, ilishikamana na Glagoliti kwa muda mrefu. Preslav, karibu na ikulu, ilikuwa na watu waliozoea kusoma Kigiriki, nao wakachukua herufi kubwa za Kigiriki za vitabu vya kanisa, wakaongeza alama za sauti ambazo Kigiriki hakina, baadhi zikitoka Glagoliti yenyewe. Hicho ndicho Kikirili, kazi ya mwisho wa karne ya 9 na mwanzo wa karne ya 10.

Ushahidi kwamba Glagoliti ilitangulia Kikirili uko wa aina nne, na unapouweka pamoja hauachi shaka. Kwanza, kuna vitabu vya ngozi ambavyo maandishi ya Kiglagoliti yalikwanguliwa na juu yake yakaandikwa ya Kikirili. Pili, Kurasa za Kyiv, karatasi 7 za ngozi za karne ya 10 zenye sala za misa ya Kiroma, zina matamshi ya Kislavi cha upande wa Moravia, na zimeandikwa kwa Glagoliti. Tatu, mwaka 1047 padri mmoja wa Novgorod aitwaye Upir Lihyi alinakili vitabu vya Manabii kwa herufi tunazoziita leo Kikirili, akasema amenakili kutoka "kurilovitsa", yaani herufi za Kirili. Maana yake ni kwamba wakati huo jina la Kirili bado lilikuwa la Glagoliti. Ushahidi wa nne ni makosa ya tarakimu, tutakayoyaeleza chini.

Swali: Kwa nini hawakutumia tu herufi za Kigiriki? Na maumbo haya ya ajabu yalitoka wapi?

Jibu: Herufi za Kigiriki zilijaribiwa. Mtawa Hrabar, aliyeandika utetezi mfupi wa herufi za Kislavi huko Bulgaria, anasema Waslavi waliobatizwa walijaribu kuandika lugha yao kwa herufi za Kilatini na za Kigiriki bila utaratibu. Tatizo ni sauti. Kigiriki hakikuwa na alama ya sauti kama *sh*, *ch*, *ts* na *zh*. Hakikuwa na irabu za puani, na Kislavi kilikuwa na mbili. Wala hakikuwa na zile irabu fupi sana mbili, zinazoitwa yeri, zilizotofautisha maana ya neno moja na jingine. Hrabar anahesabu herufi 38: 24 zinazofuata mfano wa herufi za Kigiriki na 14 za sauti za Kislavi. Hesabu yake inahusu idadi na sauti. Ukitazama maumbo hutaona Ugiriki kwa haraka.

Kuhusu maumbo, kuna maelezo makuu matatu.

La kwanza lilitolewa na Mwingereza Isaac Taylor katika miaka ya 1880, na Mkroati Vatroslav Jagić akalitetea kwa nguvu: kwamba kila herufi ni herufi ndogo ya Kigiriki ya mwandiko wa haraka, iliyonyooshwa na kutiwa vitanzi. Kwa herufi chache maelezo haya yanakaa vizuri. Herufi Ⱇ ni *f* ya Kigiriki bila ubishi. Herufi ya *u*, yaani Ⱆ, imeunganishwa kutoka Ⱁ na Ⱛ, kama vile Kigiriki kinavyoandika *u* kwa herufi mbili. Aliyeitunga alikuwa na tahajia ya Kigiriki kichwani. Lakini ukifika nusu ya orodha unaanza kulazimisha.

La pili ni mkopo kutoka mashariki. Ⱎ, herufi ya *sh*, ni shini ya Kiebrania. Hili linakubaliwa karibu na wote, tena Konstantino anatajwa katika maisha yake yaliyoandikwa kuwa alijifunza Kiebrania huko Kherson, Krimea, alipokuwa njiani kwenda kwa Wakhazari. Wengine wametafuta asili ya herufi zaidi katika maandishi ya Kisamaria, Kikopti, Kiarmenia na Kigeorgia, lakini kufanana kwa herufi mbili tatu hakutoshi kuthibitisha ukoo.

La tatu ni kwamba alfabeti hii ilibuniwa upya na mtu mmoja aliyekuwa na mpango. Sisi tunaona hili ndilo lenye uzito. Tazama jinsi Ⰲ (*v*) na Ⰴ (*d*) zilivyo umbo moja lililogeuzwa kichwa chini, na jinsi Ⰻ (*i*) na Ⱄ (*s*) zilivyo vilevile. Maandishi yanayokua polepole kwa kurithiwa hayazai mapacha wa namna hiyo. Mtunzi alikopa alipoona inafaa, akabuni sehemu iliyobaki.

Swali: Ni kweli kwamba kila herufi ya Glagoliti imejengwa kwa msalaba, duara na pembetatu, yaani Kristo, umilele wa Mungu na Utatu Mtakatifu?

Jibu: "Kila herufi", hapana. Baadhi, inawezekana sana. Swali hili ndilo lililoletwa na wasomaji wengi kuliko yote, kwa hiyo tutalipa nafasi.

Wazo hili liliwekwa wazi katika miaka ya 1940 na Georg Tschernochvostoff, mwanafunzi wa lugha za Kislavi huko Helsinki, Finland. Alisema Konstantino, akiwa mwanatheolojia, alichagua maumbo matatu matakatifu na kuyapanga katika herufi. Hoja zake mbili ni nzito.

Ya kwanza ni herufi inayofungua alfabeti, Ⰰ, iitwayo *az*. Katika hati za kale ni msalaba, wenye vijiti vifupi vinavyoning'inia kwenye ncha za mkono wa ulalo. Kuanza jambo kwa ishara ya msalaba kulikuwa desturi ya kila mwandishi wa Kikristo. Hata katika ibada ya kale ya Kilatini ya kutabaruku kanisa, askofu alichora alfabeti ya Kigiriki na ya Kilatini juu ya majivu yaliyomwagwa sakafuni kwa umbo la msalaba. Kwa hiyo kuunganisha alfabeti na msalaba hakukuwa jambo geni kwa watu wa zama zile.

Ya pili ni wale mapacha Ⰻ na Ⱄ. Kila moja ni duara na pembetatu. Moja ni mwenzake aliyegeuzwa. Katika vitabu vya kanisa, jina la Yesu halikuandikwa kamili bali kwa ufupisho: *i* na *s* zenye mstari mdogo juu yake. Basi jina lililoandikwa mara nyingi kuliko yote katika Injili likawa linaonekana kama umbo moja lililosimama na kupinduka, duara na pembetatu zikibadilishana nafasi. Ni vigumu kuamini kwamba hilo lilitokea kwa bahati tu katika herufi hizo mbili hasa.

Sasa upande wa pili. Chukua orodha ya herufi na uihesabu kwa kanuni hii: weka alama tu pale ambapo msalaba, duara lililofungwa au pembetatu iliyofungwa inaonekana bila kuongeza wala kupunguza mstari. Viduara utavipata kwa wingi. Pembetatu utazipata kwa uchache. Msalaba ulio wazi utabaki kwenye *az* na herufi chache mno. Ⱎ haina hata moja, ni vijiti vitatu juu ya kitako. Tena viduara kwenye ncha za mistari si vya Kikristo peke yake: vilikuwapo kwenye alama za hirizi za Kigiriki karne nyingi kabla ya Konstantino. Kiduara kinaweza kuwa pambo la mwandishi au njia ya kufunga mstari, si lazima kiwe mafundisho.

Kuna jaribio jingine ambalo mara nyingi huonyeshwa kwa mchoro mmoja wa kuvutia: duara kubwa lililokatwa kwa mistari inayopita katikati, na herufi zote zikitokea ndani yake. Lilienezwa na msanii wa Bulgaria Vasil Yonchev katika miaka ya 1980. Linapendeza kuliangalia, ila kama ushahidi lina udhaifu mmoja mkubwa. Ukiwa na duara lenye mistari ya kutosha ndani, karibu alama yoyote ya dunia itaingia. Jaribu kuingiza tarakimu 2, 4 na 8 uone zinavyokubali.

Tunaongeza jambo ambalo watetezi wa nadharia hii hulipita haraka. Huko Kroatia Glagoliti iligeuka kuwa ya pembe, yaani yenye kona, kati ya karne ya 12 na 13: viduara viligeuka mistatili na *az* ikapoteza umbo la msalaba ulio wazi. Walioibadilisha walikuwa mapadri na watawa wenyewe. Kama maumbo yale yangekuwa yanafundishwa kama siri takatifu kutoka mwalimu hadi mwanafunzi, wasingeyaacha yafifie hivyo bila neno. Ama maana hiyo ilikuwa ya mtunzi peke yake, ama ilikufa pamoja na kizazi cha kwanza.

Mwenye kutaka dini ya alfabeti hii asiishie kwenye maumbo. Aangalie matumizi. Maisha ya Konstantino yanasema maneno ya kwanza aliyoyaandika kwa herufi mpya ni ya Injili ya Yohana: "Hapo mwanzo kulikuwako Neno." Hilo ndilo somo la Pasaka katika kanisa la Bizanti, na ndilo linalofungua kitabu cha masomo ya Injili. Aangalie pia mabishano ya Venice ya mwaka 867, ambako maaskofu, mapadri na watawa walimkabili Konstantino wakidai Mungu husifiwa kwa lugha tatu tu: Kiebrania, Kigiriki na Kilatini, zile zilizoandikwa na Pilato juu ya msalaba. Aliwajibu kwamba mvua ya Mungu hunyea wote na jua huwaangazia wote sawasawa, akawatajia mataifa yaliyokuwa tayari yakimsifu Mungu kwa maandishi yao, wakiwemo Waarmenia, Wagothi, Wamisri na Washamu. Papa Hadriani II aliposhika upande wake, vitabu vya Kislavi viliwekwa wakfu katika kanisa la Bikira Maria Mkuu huko Roma. Hapo maana ya kidini haihitaji kukisiwa kwa rula na bikari.

Swali: Nasikia majina ya herufi ukiyasoma mfululizo yanatoa sala. Ni kweli?

Jibu: Majina mengi ni maneno kamili, na ya mwanzo yanapangika kama sentensi. *Az* ni "mimi", *buki* "herufi", *vede* "najua", *glagoli* "sema", *dobro* "vema", *yest* "ni", *zhivete* "ishini". Mbele kidogo kuna *kako, lyudie, mislite*: "jinsi", "watu", "fikirini". Na baadaye *rtsi, slovo, tvrdo*: "sema neno kwa uthabiti". Kwa hiyo kuna mawaidha ndani yake, yaliyomsaidia mwanafunzi kukariri mpangilio.

Ukivuka nusu ya alfabeti maana inakatika. Majina kama *fert*, *her* na *sha* hayaungani na sentensi yoyote, na tafsiri ndefu zinazosambazwa zikidai ujumbe kamili kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho huwa zimebuni nusu ya maneno. Kitu cha kweli kilicho karibu na hilo ni sala za alfabeti: mashairi ya kale ya Kislavi ambayo kila mstari unaanza kwa herufi inayofuata. Maarufu zaidi inahusishwa na Konstantino wa Preslav, mwanafunzi wa Metodi, na inaanza kwa *az*. Sala hizo zina thamani ya pili kwa watafiti: zinaonyesha mpangilio wa herufi ulivyokuwa zamani.

Swali: Rafiki yangu Mkatoliki anasema alfabeti hii ni ya Mtakatifu Yeronimo, mtafsiri wa Biblia ya Kilatini. Je, kuna ukweli wowote?

Jibu: Kihistoria haiwezekani. Yeronimo alifariki mwaka 420, na Waslavi walifika Dalmatia katika karne ya 6 na ya 7. Lakini imani hiyo ilikuwa na nguvu kubwa, na inafaa kueleza kwa nini.

Baada ya kifo cha Metodi, makasisi wa Kilatini wa pwani ya Kroatia waliitilia shaka ibada ya Kislavi. Sinodi za Split, mwaka 925 na tena mwaka 1060, ziliibana. Toma, Shemasi Mkuu wa Split aliyeandika historia katika karne ya 13, anaeleza kwamba walioshiriki sinodi ya karne ya 11 waliziita "herufi za Kigothi" zilizobuniwa na Metodi mzushi. Padri anayesoma misa kwa herufi zilizobandikwa jina la mzushi yuko hatarini. Yeronimo alikuwa ngao: alizaliwa Stridon, mahali palipokuwa mpakani mwa Dalmatia na Panonia, na alikuwa mwalimu wa Kanisa asiyeweza kushtakiwa na mtu.

Ngao ikafanya kazi. Mwaka 1248 Filipo, askofu wa Senj, aliomba ruhusa ya Papa Inosenti IV. Papa akakubali, akitaja kwamba makleri wa nchi hiyo husema herufi hizo wamezipata kwa Yeronimo. Mwaka 1252 ruhusa ya namna hiyo ikatolewa kwa Wabenedikto wa Omišalj, kisiwani Krk. Hapo Kroatia ikawa na jambo lisilo la kawaida katika Kanisa la Magharibi: ibada ya Kiroma kwa Kislavi, katika vitabu vya Glagoliti. Mwaka 1347 Karolo IV, mfalme wa Bohemia, aliwaita watawa wa Kroatia Prague na kuwajengea monasteri ya Emaus, na Yeronimo akawa miongoni mwa wasimamizi wake.

Mwambie rafiki yako kwamba kosa lake lina miaka zaidi ya 700 na liliokoa vitabu vingi.

Swali: Nina picha ya hati ya Glagoliti yenye mwaka ulioandikwa kwa herufi. Nasomaje?

Jibu: Kila herufi ina thamani ya tarakimu. Fuata hatua hizi.

Tafuta kwanza kundi la herufi lililozungukwa na nukta kushoto na kulia, mara nyingi na mstari mdogo juu. Hilo ni tarakimu, si neno. Kisha tambua kila herufi na uiwekee thamani. Ⰰ ni 1, Ⰱ 2, Ⰲ 3, Ⰳ 4, Ⰴ 5, Ⰵ 6, Ⰶ 7, Ⰷ 8, Ⰸ 9. Makumi utakayokutana nayo zaidi ni Ⰽ 40, Ⰾ 50, Ⰿ 60, Ⱀ 70, Ⱁ 80, Ⱂ 90. Mamia ni Ⱃ 100, Ⱄ 200, Ⱅ 300, Ⱆ 400, Ⱇ 500, Ⱈ 600. Elfu moja ni Ⱍ. Mwisho jumlisha. Mfano: Ⱍ Ⱆ Ⱁ Ⰲ ni 1000 + 400 + 80 + 3, yaani 1483. Huo ni mwaka ambao Misale ya Kiglagoliti ilichapwa, tarehe 22 Februari, kitabu cha kwanza cha Wakroati kilichochapwa kwa mashine. Mfano mwingine: Ⱍ Ⱅ Ⰿ Ⰷ ni 1368. Kwa 11 hadi 19, herufi ya mamoja hutangulia ile ya kumi, kama inavyotamkwa kwa Kislavi.

Kosa kubwa ni kutumia jedwali la Kikirili. Glagoliti inahesabu kwa mpangilio wake yenyewe, herufi baada ya herufi. Kikirili kinafuata thamani za Kigiriki, na *b* na *zh*, ambazo Kigiriki hakina, hazihesabiwi. Kwa hiyo *v* ni 3 katika Glagoliti na 2 katika Kikirili. *G* ni 4 dhidi ya 3. *D* ni 5 dhidi ya 4. *K* ni 40 dhidi ya 20. *M* ni 60 dhidi ya 40. *O* ni 80 dhidi ya 70. Kuanzia *r*, yaani 100, mifumo miwili inakutana tena. Ndiyo maana kosa hili hujificha: mamia yanatoka sawa, makumi na mamoja yanakwenda kombo, na mwaka unaopata unaonekana wa kuaminika.

Wanakili wa kale nao waliteleza hapo hapo. Mtu aliyehamisha kitabu kutoka Glagoliti kwenda Kikirili alibadilisha umbo la herufi akasahau thamani, na sura ya 3 ikageuka sura ya 2. Makosa ya upande huo ndiyo ushahidi wa nne tuliouahidi.

Angalia pia mwaka unahesabiwa kutoka wapi. Hati za Kroatia huhesabu kutoka kuzaliwa kwa Kristo. Hati za upande wa Bizanti huhesabu tangu kuumbwa kwa ulimwengu: toa 5508, na kwa miezi ya Septemba hadi Desemba toa 5509, kwa sababu mwaka wa Bizanti ulianza Septemba.

Swali: Nataka kujifunza kuiandika kwa kalamu. Nianze na mtindo upi, na nijihadhari na nini?

Jibu: Amua kwanza kati ya mviringo na pembe, wala usiichanganye. Ya mviringo ni ya karne ya 10 na 11, ya Kurasa za Kyiv na za Injili ya Assemani iliyoko Vatikani. Ya pembe ni ya Kroatia. Jiwe la Baška la mwaka 1100 hivi liko katikati ya hizo mbili, kwa hiyo si kielelezo kizuri cha mwanafunzi wa mwanzo.

Kwa mviringo, piga mstari mmoja tu, wa juu. Herufi zinaning'inia chini yake. Hazikalii mstari wa chini kama Kilatini, na urefu wake hautoshani. Anayepiga mistari miwili huishia kuzibana zote zilingane, na ukurasa unapoteza sura yake. Tumia ncha nyembamba ya milimita 1 au pungufu, na herufi za milimita 8 hivi. Chora shina kwanza, viduara mwisho. Kiduara kichorwe kwa mapigo mawili, nusu ya kushoto kisha nusu ya kulia, yakutane chini. Pigo moja la kuzunguka husukuma wino na kuziba tundu. Wino mzito huziba pia, hasa kwenye Ⰶ na Ⱅ.

Kwa pembe, chukua kalamu ya ncha bapa ya milimita 2 na uishike ncha ikiwa sambamba na mstari. Vijiti vya wima vinatoka vinene na vya ulalo vyembamba, ndiyo sura hasa ya vitabu vya Kroatia. Ukiinamisha ncha kama kwa mwandiko wa Kilatini, tofauti hiyo inapotea.

Mkanganyiko wa kudumu ni jozi zilizogeuzwa: Ⰲ na Ⰴ, Ⰻ na Ⱄ. Ziandike pamoja kila siku hadi mkono uzitofautishe. Yeri mbili, Ⱏ na Ⱐ, nazo zinatofautiana kidogo sana. Usijisumbue na herufi kubwa na ndogo. Hati za kale hazina tofauti hiyo. Herufi ya kwanza ya sehemu ilipanuliwa na kupambwa tu.

Kwenye kompyuta, Glagoliti iliingizwa katika Unicode mwaka 2005, kuanzia U+2C00. Ukiona vijisanduku vitupu mahali pa herufi katika ukurasa huu, kifaa chako hakina fonti. Weka Noto Sans Glagolitic, ni ya bure. Fonti hiyo ni ya mviringo. Usiitumie kulinganisha na picha ya kitabu cha Kroatia, utadhani ni alfabeti mbili tofauti.

Swali: Bado inaonekana mahali popote?

Jibu: Kroatia zaidi ya kwingine. Jiwe la Baška, lenye upana wa takriban mita 2 na maandishi ya kumbukumbu ya kiwanja alichotoa Mfalme Zvonimir, liko katika Akademia ya Sayansi na Sanaa huko Zagreb. Kwenye kanisa la Mtakatifu Lusia, Jurandvor, lilikotoka, kuna nakala. Kati ya Roč na Hum, Istria, kuna njia ya kilomita 7 yenye minara ya ukumbusho wa Glagoliti. Tarehe 22 Februari ni siku ya Glagoliti kitaifa tangu 2019. Na sarafu za Kroatia za senti 1, 2 na 5 za yuro, zilizoanza kutumika Januari 2023, zina Ⱈ na Ⱃ zilizounganishwa, yaani HR. Ukiishika moja, tazama Ⱃ: ni ya pembe, kiduara chake kimekuwa mstatili.